Mke wa Pili Habatizwi

Kila asubuhi, kabla sijawasha jiko, nasoma masomo ya siku. Ni desturi yangu tangu usichana na sitaiacha sasa nikiwa na meno ya kuhesabika. Masomo mengi hunituliza. Mengine hunipita, nikayarudia, yakanipita tena. Lakini Jumatatu ya kwanza ya Kwaresima ina Injili ambayo hunipandisha hasira hata kabla sijavaa miwani, kwa sababu najua inakuja. Ni ile ya Mfalme anayewatenga watu kama mchungaji anavyotenga kondoo na mbuzi. Hawaulizi wamesali rozari ngapi. Anawauliza kama walimlisha mwenye njaa, kama walimvika aliye uchi, kama walimwendea mgonjwa na mfungwa.

Mwaka mmoja padri kijana wa hapa Thika alituambia katika mahubiri kwamba Injili hii haihitaji maelezo, hata mtoto anaielewa. Nilikaribia kusimama. Haihitaji maelezo, kweli. Mimi nimemwona mtu aliyeielewa na kuifanya, na nimeona alivyofanyiwa na kanisa langu kwa sababu hiyo. Mtu huyo alikuwa mama yangu.

Miaka hiyo ya hamsini tulikaa Ruiru, katika kijiji ambacho hatukukichagua. Serikali ya wakoloni, ikiwasaka wapiganaji wa msituni, ilikuwa imechoma nyumba zetu za zamani na kutukusanya mahali pamoja, mistari kwa mistari, mtaro wenye miti iliyochongwa ukituzunguka, askari wa kijiji wakilinda lango. Baba alikuwa ameshachukuliwa wakati huo. Walimchukua na wanaume wengine wa upande wetu, wakampeleka kwenye kambi moja kisha nyingine, na sisi tukabaki kusikia majina ya mahali tusikokujua. Nyumba tuliyopewa kiwanja chake ilijengwa na wanawake wawili kwa mikono yao. Walikata miti, wakakanyaga udongo, wakaezeka nyasi. Wanawake hao walikuwa wake wa baba yangu.

Wa kwanza nilimwita Mama Mkubwa. Wa pili ndiye aliyenizaa. Watu husema wake wenza ni paka na panya, na huenda kwingine ni kweli, lakini wale wawili walikuwa wameshalia pamoja mara nyingi mno kuwa na nafasi ya kuoneana wivu. Mama Mkubwa alikuwa na ulimi mkali na nyonga mbovu. Aliteleza akaanguka mtaroni wakati wa kuuchimba kwa lazima, na tangu hapo alitembea akiegemea fimbo. Mama yangu alikuwa na nguvu za punda na maneno machache. Mmoja alisema, mwingine akabeba. Hivyo ndivyo nyumba ile ilivyosimama.

Mama Mkubwa alikuwa Mkatoliki. Mke wa kwanza aliruhusiwa kubatizwa hata kama mumewe alioa tena, kwa sababu kosa halikuwa lake. Wa pili ndiye alikuwa kosa lenyewe. Hivyo mama yangu, ambaye alinipeleka mimi kwa masista wa Thika nikabatizwa na kujifunza kusoma, yeye mwenyewe alibaki mkatekumeni, yaani mwanafunzi wa ubatizo. Alivaa medali shingoni kwa uzi mweusi. Alijua katekisimu yote kwa moyo, ukimshtua usingizini angekujibu. Na kila mara wenzake walipoitwa kubatizwa, yeye aliambiwa angoje.

Angengoja bila kusumbuka, nadhani, kama si ndugu yangu mdogo. Mwaka wa kwanza wa kile kijiji watoto wengi walikufa. Ndugu yangu aliugua tumbo, na Mama Mkubwa alipoona macho yake yamebadilika alimbatiza papo hapo, kama tulivyofundishwa kwamba Mkristo yeyote anaweza kufanya mauti yakikaribia. Akazikwa upande wa wabatizwa. Tangu siku hiyo mama hakuwa na swali jingine duniani. Kama mtoto ameingia mbinguni kwa mlango wa wabatizwa, na yeye hana ruhusa ya kuingia mlango ule, atamwona wapi? Alimuuliza katekista, mwalimu wa dini wa kijiji, swali hilo, akajibiwa kwamba huruma ya Mungu ni kubwa. Akauliza kama ni kubwa kuliko sheria ya mke wa pili.

Haki yake nimpe katekista wetu: hakuwa mvivu. Alikuwa mtu mfupi mwenye koti refu, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko wote wawili, yeye na koti. Misa yenyewe ilikuwa Kilatini na Padri alikuwa mbali, Thika, naye alifika kwetu mara chache. Basi katika Kwaresima katekista alisimama kila asubuhi karibu na lango, kabla hatujaenda kuchimba matuta ya lazima au kuchuma kahawa kwa mzungu, akatusomea Injili ya siku kwa Kikuyu. Tulisimama na majembe yetu, wengine na vikapu. Askari wa lango walisikiliza pia, wakitaka wasitake. Mama alikuwa akisimama mbele kabisa. Alikuwa hajui kusoma, kwa hiyo alishika kwa masikio, na jioni akiwa anakoroga uji aliyarudia maneno yote kama yalivyosomwa. Mimi mwenye shule nilikuwa nimeshayasahau.

Mwaka ninaousema, Kwaresima ilipokuwa inakaribia, katekista alimwita mama akamwambia kuna njia. Padri amekubali abatizwe Pasaka, ila kwanza amwache mume.

Amwache mume! Nilipoambiwa nilicheka, kisha nikaona hakuna anayecheka. Baba alikuwa nyuma ya waya wa miba, hatujui hata ni wilaya gani. Serikali ilikuwa imemwachisha wake zake, ng'ombe wake na shamba lake bila kumuuliza mtu. Sasa kanisa nalo lilitaka kuachisha kilichobaki. Lakini mama alikubali. Alisimama mbele ya wazee wawili wa kanisa akasema kwamba amemwacha yule bwana, na alisema kwa sauti kavu kama mtu anayejibu somo. Nilidhani yameisha. Katekista akasema bado. Hawezi kulala katika nyumba ya mume.

Hapo ndipo nilipoanza kumchukia, na sijui kama nimemaliza. Nyumba ya mume gani? Baba alikuwa hajaiona nyumba ile kwa macho. Udongo wa kuta zake ulikuwa na alama za vidole vya mama yangu. Nilimwambia katekista hivyo, akanijibu kwamba msichana asiyeolewa asimfundishe sheria ya ndoa. Mama akakunja blanketi lake, akachukua sufuria moja, tukahamia mimi naye kwa bibi mmoja mjane, mstari wa chini. Mama Mkubwa alibaki peke yake na fimbo yake. Siku ile alilia akanuna, hakutaka hata kutuaga.

Jumatatu ya kwanza ya Kwaresima ikafika, ikasomwa ile Injili. Namkumbuka mama alivyoinamisha kichwa upande mmoja ili asikie vizuri. Jioni aliirudia kwa yule bibi mjane, hatua kwa hatua: mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa, aliyefungwa. Alipofika kwa aliyefungwa aliongeza kuni. Halafu akasema hii ndiyo Injili nyepesi kuliko zote, haina Kilatini ndani yake.

Katikati ya Kwaresima, mchana, lori la serikali lilisimama langoni likashusha wanaume watatu. Mmoja wao alikuwa baba. Nilikuwa nimerudi na kikapu, nikampita. Nilimpita baba yangu, kwa sababu mtu aliyekaa pale chini ukutani alikuwa mzee mwenye shingo nyembamba, akikohoa ndani ya kofia yake, na baba niliyemjua alikuwa mtu wa kubeba gunia la mahindi bila kuguna. Aliniita kwa jina la utoto wangu. Sitaki kueleza zaidi nilivyojisikia.

Alipelekwa nyumbani kwake, yaani ile nyumba asiyoijua. Mama Mkubwa alimkaribisha, akamtandikia, na ikawa ndiyo mwisho wa uwezo wake. Hakuweza kumwinua. Hakuweza kuteka maji wala kwenda kutafuta kuni. Baba alikuwa hashiki chakula tumboni, alihitaji kugeuzwa, kuoshwa, kulishwa uji kidogo kidogo mchana kutwa. Kesho yake asubuhi mama yangu alisikiliza Injili langoni, akaomba ruhusa kwa mkubwa wa kazi za lazima, na badala ya kushuka kwetu akapanda mstari wa juu na sufuria kichwani. Hakunificha na hakumficha mtu. Alipita katikati ya kijiji jua likiwaka.

Jioni alirudi kulala kwa yule bibi mjane, kama alivyoagizwa. Kila siku alikwenda asubuhi na kila siku alirudi jioni. Mnielewe vizuri: hakulala kule hata mara moja. Na hata kama angelala, na mgonjwa yule ambaye hakuweza kugeuka bila kushikwa, mtu wa akili angefikiria nini?

Katekista alifikiria. Alikuja kumkuta mama nje ya nyumba ya Mama Mkubwa akifua shuka za baba, mimi nikiwa naanika.

"Umerudi kwa mume wa mtu," alisema.

Mama hakuacha kufua. "Nimekwenda kwa mgonjwa, mwalimu."

Akamwambia mgonjwa ana mke wake wa halali, na mke huyo yumo ndani. Mama akasema huyo mke hawezi kuinua hata kibuyu. Katekista akamwambia basi aletwe mtu mwingine wa kijiji. Mama akauliza nani, maana kila mwenye miguu anachimba matuta. Kisha akaikausha mikono yake kwenye nguo, akamuuliza kwa heshima kabisa kuhusu somo la Jumatatu ile: yule mgonjwa, na yule aliyekuwa gerezani, wanaosemwa ni wagonjwa gani na wafungwa gani? Na kama huyu wa humu ndani, mwenye yote mawili, hahesabiki, basi ni kwa nini?

Katekista alisema somo lile lina maana ya ndani inayohitaji maelezo, na kwamba angemwomba Padri atueleze. Nimeshazika watu wengi tangu siku hiyo, na yeye mwenyewe nimemzika, na maelezo hayo hayajanifikia.

Mama akaambiwa hayumo tena katika watakaobatizwa Pasaka.

Asubuhi iliyofuata, kwa mpango wa kalenda na si wa mtu, ilisomwa Injili ya kipofu aliyeponywa, jinsi wakubwa wa sinagogi walivyomhoji wakamtoa nje kwa sababu majibu yake hayakulingana na sheria yao. Katekista aliisoma vizuri sana. Aliinua sauti penye kuinua, akashusha penye kushusha. Nilimtazama usoni nione kama anajisikia mwenyewe. Wapi! Alifunga kitabu akatutakia kazi njema. Nikamgeukia mama nikitegemea tutatazamana, lakini alikuwa ameshaondoka kwenda kuchemsha uji.

Mama Mkubwa hakuwa mtu wa kuchemsha uji akanyamaza. Alitafuta pasi ya kusafiri, akasumbua hadi akaipata, na Jumapili ya Matawi akapandishwa kwenye lori la shamba la kahawa pamoja na magunia, na mimi nikiwa wa kumshika. Thika kanisa lilikuwa limejaa. Tulimngoja Padri baada ya Misa chini ya ukuta wa sakristia, chumba cha mavazi ya Misa. Alikuwa mzungu mzee mwenye ndevu za njano na Kiswahili cha kujengajenga, na sitasema alikuwa mtu mbaya. Alimletea Mama Mkubwa kiti.

Mama Mkubwa alikaa, akamwambia jambo ambalo nadhani hakuna mke wa kwanza aliyewahi kumwambia padri. Alisema kama sheria inataka mke mmoja tu, basi yeye yuko tayari kumwacha mume mbele ya wazee hata leo. "Mimi nina kadi yangu ya ubatizo tayari," alisema, "haiwezi kufutika. Mwandikeni mwenzangu awe ndiye mke, naye abatizwe."

Padri alifumba macho. Akaeleza kwamba haiwezekani. Ndoa ya kwanza ndiyo ndoa, na hakuna mtu anayeweza kumgawia mwingine. Alisema sheria si yake. Alisema inamhuzunisha sana. Nami naamini ilimhuzunisha, maana macho yake yalikuwa mekundu, na huzuni hiyo ndiyo iliyonikasirisha kuliko koti la katekista. Katekista aliiamini sheria ile. Huyu aliona kwamba kuna kosa, akatushika mikono, akatuombea, akaturudisha kwenye lori na magunia ya watu.

Jumamosi Kuu wenzake mama walivishwa vitambaa vyeupe wakapelekwa Thika kubatizwa. Yeye alikuwa akimnyoa baba. Baba mambo haya ya dini aliyatazama kwa mbali siku zote, na hata pumzi ilipokuwa inamwishia hakuishiwa utani. "Kumbe mimi ni mkubwa hivi," alisema, "naziba mlango mzima wa mbinguni." Akamwambia mama aende, yeye atakunywa uji baridi. Mama akamwambia atulie asije akakatwa sikio.

Siku zilivyozidi kuwa mbaya Mama Mkubwa alimuuliza kama anataka ubatizo wa mauti. Baba aliuliza kama wakeze wote wawili watakuwa wameingia. Akaambiwa sheria ilivyo. Akasema basi amwache kwanza, hana haraka ya kuingia mahali ambapo mmoja amefungiwa nje. Alikufa asubuhi, mama akiwa amemwegemeza kifuani ili apate hewa, Mama Mkubwa akisali kwa sauti miguuni. Tulimzika upande wa wasiobatizwa, mbali na mwanawe.

Kesho yake katekista akaja. Nilidhani amekuja kutoa pole, nikampisha kigoda. Alitoa pole, ndiyo, kwa maneno mawili. Kisha uso wake ukanyooka kwa furaha ya kweli, furaha ya mtu mwema aliyeleta habari njema.

"Mama, kikwazo kimeondoka," alisema. "Pentekoste utabatizwa."

Kikwazo! Udongo wa kaburi ulikuwa bado kwenye kucha zangu. Mama Mkubwa alishika fimbo yake na nikadhani atampiga nayo, na sijui kama ningemzuia. Mimi nilimwambia atoke. Nilimwambia kwa sauti iliyosikika mpaka langoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikumwita mwalimu. Mama alikaa ameshika sufuria tupu. Hakumtazama katekista wala sisi.

Nilijua jibu lake. Nilikuwa nimejiandaa kumsifu kwa jibu hilo maisha yangu yote: kwamba angeivua medali ile akamrudishia. Lakini usiku ule ulipopita aliniambia nimtafutie kitambaa cheupe. Nilikasirika naye pia. "Maitu, mama yangu, usiende," nilimwambia. "Walingoja baba afe. Utawapaje furaha hiyo?" Akasema hana haja na furaha yao wala huzuni yao, ana mtoto kule. Nikamwambia sitasimama naye. Akasema ni sawa, Mama Mkubwa atasimama.

Nilikwenda, bila shaka. Nilikwenda nimekunja uso. Pentekoste kanisa la Thika lilinuka ubani na jasho, wakatekumeni wakapangwa mlangoni, maana hapo ndipo wanapoulizwa kabla ya kuingia. Nyuma ya kila mmoja alisimama msimamizi wake na mkono begani. Nyuma ya mama yangu alisimama Mama Mkubwa na nyonga yake, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye bega la mke mwenzake. Nilisikia watu wakinong'onezana.

Padri alipita mmoja mmoja akiuliza swali lile lile, unaomba nini kwa Kanisa la Mungu, na jibu lilikuwa moja: imani. Walikuwa wamefundishwa hivyo kwa miaka, na kila aliyeulizwa alijibu hivyo. Alipofika kwa mama akauliza. Mama akaishika kwanza medali yake. Katekista, ambaye alikuwa kando ameshika kitabu, alidhani amesahau, akamnong'onezea: imani, mama, sema imani.

Mama akamtazama Padri, na alisema si kwa hasira, ingawa mimi nilikuwa na hasira ya kutosha watu wote wa kanisa lile.

"Imani ninayo," alisema. "Nimenyimwa maji tu."

Katekista alianza kumrekebisha. Padri aliinua mkono kumnyamazisha, uso umemwiva wote hadi masikioni. Hakumuuliza tena. Alimshika mkono akamwingiza ndani kabla ya zamu yake, Mama Mkubwa akichechemea nyuma yao.